Kutoka Moshini Kuingia Ugoroni: Jee, Hiyo Ni Tiba?

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa viwiliwili hivi kuwa ni amana, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi aliinuka mwenzetu mmoja, mtu mzima, baharia wa zamani, akauliza suala ambalo sisi tulilijibu upesi kuliko ilivyopasa. Alisema kuwa amevuta sigara tangu ujana wake, na kuwa sasa yapata miezi minane hajatia sigara kinywani. Tukafurahi sana, tukamshukuru Mungu. Kisha akaeleza namna alivyofanya: ameiacha sigara kwa kuweka tumbaku ndani ya mdomo wa chini, kidogo asubuhi, kidogo adhuhuri, na kidogo kabla ya kulala. Akauliza: "Masheikh zangu, jee, nilivyofanya ni sawa?" Tukamwambia kuwa ni sawa, maana amekimbia dhara kubwa kwa dhara dogo, na sharia yetu yaujua mlango huo.

Baada ya majuma machache alirudi. Safari hii hakuuliza mbele ya watu. Alingoja darsa ikamalizika, akatufunulia mdomo wake. Ufizi ulikuwa na baka jeupe mahali pale pale alipozoea kuweka tumbaku. Tabibu wa meno alikuwa amemwamrisha aiache mara moja, kisha arudi atazamwe tena. Akatwambia kwa upole: "Nanyi mlinambia ni sawa."

Neno hilo lilitulemea. Tuliona ni wajibu wetu kurejea katika jambo hili, tusome waliyoyasema matabibu, tuyapime kwa mizani ya sharia, na tuandike hapa wazi, ili aliyelisikia jawabu letu la kwanza alisikie na la pili. Kurejea katika haki si aibu. Aibu ni kung'ang'ania kosa baada ya kulijua.

WASEMAVYO WANAOIRUHUSU

Kwanza yatupasa kufanya insafu. Matabibu wanaosema kuwa mvuta sigara aweza kusaidiwa na tumbaku isiyovutwa si wajinga, wala wote si watu walionunuliwa na wenye viwanda. Wana hoja, na hoja yao ni hii.

Kinachomfunga mtu kwa sigara ni nikotini, lakini kinachomuua zaidi ni moshi. Tumbaku ikiungua hutoa moshi wenye vitu zaidi ya 7,000, na katika hivyo kiasi cha 70 vyajulikana kuwa huleta saratani. Humo mna lami inayoganda mapafuni, na mna hewa ya sumu ile ile itokayo katika jiko la makaa lililofungiwa chumbani. Basi, wasema, mtu akiipata nikotini bila ya moto na bila ya moshi, mapafu yake yatapumzika, hata kama utumwa wake wa nikotini umebaki pale pale.

Na ushahidi wao mkubwa ni nchi ya Sweden. Watu wa huko wana ugoro wao uitwao snus, unaowekwa chini ya mdomo wa juu. Katika mwaka 1967 wanazuoni wawili wa chuo kikuu cha Lund walimwandikia Ove Fernö, mtaalamu wa madawa, wakamweleza waliyoyaona kwa mabaharia wa nyambizi, yaani manowari zipitazo chini ya maji. Mabaharia hao walikuwa hawaruhusiwi kuvuta humo ndani, wakajituliza kwa tumbaku ya mdomoni. Kutokana na khabari hiyo Fernö na wenzake walitengeneza ubani wa kutafuna wenye nikotini, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa dawa za kuachia sigara zinazouzwa leo ulimwenguni. Na hata hivi sasa wanaume wa Sweden wanaovuta sigara kila siku ni wachache, hawafiki 10 katika kila 100, na saratani ya mapafu kwao ni kidogo kuliko kwa wanaume wa nchi nyingi za Ulaya.

Katika mwaka 2007 Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kilitoa kitabu juu ya kuwapunguzia madhara watu walioshindwa kuacha, kikasema kuwa tumbaku isiyovutwa, ile iliyo na sumu chache, khatari yake iko mbali sana chini ya khatari ya sigara. Na katika mwaka 2019 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na madawa iliruhusu kampuni moja ya Sweden kutangaza kuwa mwenye kutumia snus yake badala ya sigara hupunguza khatari ya maradhi kadhaa, yakiwamo ya moyo na saratani ya mapafu.

Haya yote ni kweli, nasi hatuyafichi. Lakini ukweli wa nusu ndio uliotutia makosani.

WASEMAVYO WANAOIKATAZA

Matabibu wengine, nao ndio wengi, wasema maneno matatu.

La kwanza: iliyo na khatari chache kuliko sigara si lazima iwe salama. Sigara ni kipimo kibaya. Mtu aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili amepata nafuu kuliko aliyeanguka kutoka ya kumi, wala hakuna amwambiaye kuwa kuanguka ni dawa. Tangu mwaka 1986 mkuu wa matabibu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti kuwa tumbaku isiyovutwa si badala iliyo salama ya sigara. Taasisi ya Umoja wa Mataifa inayochungua saratani, iliyoko Lyon katika Ufaransa, imeiweka tumbaku hiyo katika daraja la kwanza la vitu viletavyo saratani kwa wanadamu, ikataja saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho. Na katika mwaka 2014 matabibu wa Sweden yenyewe walieleza kuwa wagonjwa walioshikwa na moyo, kisha wakaiacha snus, waliokufa miongoni mwao katika miaka iliyofuata walikuwa kiasi cha nusu tu wakilinganishwa na walioendelea nayo.

La pili: haikuthubutu kuwa yasaidia kuacha. Katika mwaka 2008 kamati ya wataalamu wa Umoja wa Ulaya ililitazama jambo hili, ikaona kuwa ushahidi hautoshi kusema kuwa tumbaku isiyovutwa ni msaada wa kuachia sigara, na kuwa mambo ya nchi moja hayawezi kuhamishiwa nchi nyingine kwa kukisia. Hata katika Sweden, wanawake nao walipunguza sana sigara katika miaka ambayo waliotumia snus miongoni mwao walikuwa wachache. Na wengi huwa hawahami, bali huongeza: sigara wakiwa nje, na tumbaku ya mdomoni wakiwa mahali palipokatazwa moshi. Huyo hakuvuka mto, ila ametia mguu mmoja katika kila ngalawa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku snus katika mwaka 1992, na Sweden ilipoingia katika umoja huo mwaka 1995 ndiyo peke yake iliyoachiliwa.

La tatu, nalo ndilo tulilolisahau sisi: tumbaku zisizovutwa si kitu kimoja. Snus ya Sweden hupikwa kwa mvuke, huwekwa mahali pa baridi, na sumu zake zina mpaka uliowekwa na kupimwa. Lakini tazama Sudan, nchi ya ndugu zetu. Huko watu hutumia tombak, majani makali ya tumbaku yaliyovundikwa kisha yakachanganywa na magadi. Wataalamu walipoipima waliikuta ina zile sumu ziitwazo naitrosamini, ziletazo saratani, mara mia na zaidi kuliko za snus, na saratani ya kinywa katika Sudan ni msiba unaojulikana. India na Pakistani nao wana tumbaku zao za kutafuna zilizochanganywa na popoo na chokaa, na popoo peke yake, bila ya tumbaku yoyote, imehukumiwa na taasisi ile ile ya Lyon kuwa huleta saratani.

Sasa, ndugu msomaji, ugoro wetu uko upande gani? Ule unaosagwa uani, ukatiwa magadi, ukafungwa katika kikaratasi na kuuzwa sokoni, ni nani aliyeupima? Na ile tumbaku ya vifuko ipitishwayo mkononi kwa mkono, aijua nani iliyomo ndani? Aliyetoa hukumu ya Sweden akaitia juu ya kikaratasi cha sokoni amefanya kama aliyesoma dawa ya mgonjwa mmoja akamnywesha mgonjwa mwingine. Na hilo ndilo tulilolifanya.

MIZANI YA SHARIA

Tumbaku haikujulikana katika zama za Mtume, wala za Maimamu wanne. Ilitoka Marekani, ikaenea katika nchi za Waislamu karibu na mwaka 1000 wa Hijria, na wanazuoni wakakhitalifiana: wako walioihalalisha, wako walioikirihisha, na wako walioiharamisha. Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku katika mwaka 1633. Wengi wa waliolegeza walilegeza kwa kuwa dhara lake halikuwathubutikia. Leo dhara limethubutu. Tangu mwaka 1950, matabibu wa Uingereza na wa Marekani walipoonyesha kuwa saratani ya mapafu yafuatana na sigara, ushahidi umezidi kila mwaka, na wanazuoni wengi wa zama zetu wamefuata ushahidi huo wakasema ni haramu. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara tusijitie wenyewe katika maangamizo, na katika Suratun Nisaa tusiziue nafsi zetu. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza kudhuru na kudhuriana.

Ama ile kaida tuliyomjibu nayo mwenzetu, kuwa mtu akikutwa na madhara mawili hulishika lililo jepesi, ni kaida sahihi ya sharia, hatuikanushi. Lakini kaida ina masharti, na asiyeyatazama masharti ameshika upanga kwa upande wa makali.

Sharti la kwanza ni kuwa madhara yote mawili yawe hayaepukiki. Aliyezungukwa na moto na maji aweza kuchagua maji. Lakini ukiwapo mlango wa tatu ulio wazi, hana ruhusa ya kujitosa, kisha akasema amechagua lililo jepesi. Sharti la pili ni kuwa ule wepesi ujulikane kwa yakini, si kwa dhana wala kwa uvumi. Na wepesi wa kikaratasi cha sokoni haukujulikana. Sharti la tatu ni kuwa kinachoruhusiwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura. Daraja hujengwa ili mtu avuke, wala hapana mwenye akili ajengaye nyumba juu ya daraja akakaa humo na watoto wake. Mwenzetu alikuwa miezi minane juu ya daraja, nasi hatukumuuliza siku ya kushuka.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Uchunguzi uliofanywa katika Kenya mwaka 2014 ulionyesha kuwa kiasi cha watu wazima milioni 1 hutumia tumbaku isiyovutwa: wanaume 5.3 katika kila 100, na wanawake 3.8. Lakini wanawake wanaovuta hawakufika hata 1 katika 100. Maana yake ni nini? Maana yake ni kuwa hao mama zetu na dada zetu, karibu wote, hawakuikimbia sigara yoyote. Hawakulishika dhara jepesi kwa kuliacha zito, bali wamelishika dhara bila ya sababu. Basi aliye na udhuru wa Sweden ni mvutaji anayehama, wala si bibi aliyepokea tumbaku kwa mamake, wala si kijana aliyeanza kwa mchezo shuleni.

MLANGO WA TATU

Na mlango wa tatu upo. Zimo dawa zilizopimwa, zinazompa mtu nikotini kidogo kidogo, bila ya jani la tumbaku na bila ya sumu zake, kisha zikapunguzwa mpaka zikesha: ubani wa kutafuna na kibandiko cha ngozi. Shirika la Afya Ulimwenguni liliziingiza katika orodha ya madawa ya lazima mwaka 2009, na katika mwaka 2021 likaongeza vidonge viwili visivyo na nikotini, bupropioni na vareniklini. Mwaka 2024 likatoa mwongozo kamili wa kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku, likazitaja dawa hizo pamoja na nasaha ya tabibu. Atumiaye ubani au kibandiko hicho huzidishiwa nafasi ya kufaulu kwa kiasi cha nusu yake juu ya asiyetumia. Dawa hizi si miujiza, na wengi hujaribu mara mbili na tatu kabla ya kuepukana na tumbaku. Lakini hakuna aliyewahi kuonyesha baka jeupe lililoletwa na tumbaku kwa sababu ya kibandiko begani. Mwenye maradhi ya moyo, au mja mzito, au mwenye kunywa dawa nyingine, na amwendee tabibu kwanza.

Wengine watasema: dawa hizo zina thamani kubwa. Twawajibu: fanya hesabu ya sigara ulizonunua mwaka huu, kisha utwambie ni ipi iliyo ghali.

Na Mwenyezi Mungu ametupa sisi Waislamu msaada ambao wengine hawanao. Mvuta sigara anayefunga Ramadhani, katika pwani yetu hii, hukaa zaidi ya saa 13 bila ya sigara, siku 29 au 30 mfululizo. Ni nani basi awezaye kumwambia kuwa hawezi? Matabibu wasema kuwa ile hamu kali hupita kwa dakika chache, na kuwa mashaka ya mwili huzidi katika juma la kwanza, kisha hupungua katika majuma mawili mpaka manne. Ramadhani yatosheleza muda huo. Kinachomharibia mtu ni ile sigara ya magharibi, anayoiwasha tende ikali kinywani.

Wala asidanganyike mtu kuwa tumbaku ya mdomoni haina moshi na kwa hivyo haifunguzi. Ladha yake na maji yake huchanganyika na mate yakateremka kooni. Saumu yake imeharibika. Ubani wa nikotini nao ni vivyo hivyo, wakati wake ni usiku. Ama kibandiko cha ngozi, Majma'ul Fiqhil Islami katika mkutano wake wa Jeddah wa mwaka 1997 ilikata shauri kuwa kinachoingia mwilini kwa kunyonywa na ngozi, kama marhamu na vibandiko vya dawa, hakifunguzi. Basi anayetaka kuacha katika Ramadhani na abandike kabla ya alfajiri, na amtegemee Mola wake.

NENO KWA WAKUBWA

Tazameni lugha yetu, namna ilivyo shahidi juu yetu. Wazee wetu waliita uraibu ile tambuu na tumbaku inayoletwa kwa wageni ili wajiburudishe. Leo matabibu wetu wanapotaka neno la kumtaja aliyefungwa na kitu asiweze kukiacha, husema ana uraibu. Neno ni lile lile. Lilitoka katika sinia ya harusi likaingia katika daftari ya hospitali, wala halikuwa na safari ndefu.

Twawaomba kina mama wenye shughuli: mkiitengeneza tambuu kwa ajili ya wageni, msiitie tumbaku. Mgeni hakosi heshima kwa kupewa kahawa na haluwa. Twawaomba wazee: msimtume mtoto dukani kuwanunulia ugoro, kwani aliyetumwa leo huonja kesho. Na twawaomba walimu wa madrasa na maimamu, nasi tukiwa wa kwanza wao: mtu akija na suala la mwili, tusiwe wepesi wa kutoa fatwa kabla ya kumwuliza mwenye ujuzi wa miili. Mwenyezi Mungu ametwamrisha tuwaulize wenye kujua tukiwa hatujui. Sisi tulikuwa hatujui, na hatukuuliza.

Mwenzetu yule ameiacha tumbaku ya mdomoni, na sigara hajairudia. Anatumia kibandiko, na kila baada ya majuma mawili hupunguza. Tabibu amemweleza kuwa mabaka ya namna ile mara nyingi huondoka mtu akiacha, lakini ni lazima yatazamwe, kwani mengine huwa mwanzo wa saratani. Atarudi kutazamwe mwezi ujao, na mmoja wetu atafuatana naye. Tulimtaka radhi mbele ya darsa nzima, kwani jawabu letu la kwanza lilitolewa mbele ya darsa nzima. Akasamehe, akacheka, akasema kuwa sasa amejua kumbe hata masheikh huenda joshi.

Basi jawabu letu, ndugu aliyeuliza na nyote mnaouliza, ni hili: aliyeitoka sigara amefanya jambo jema, na asirudi kamwe. Lakini asikae ugoroni. Amwendee tabibu, aushike mlango wa tatu, aweke siku ya kushuka darajani, na amwombe Mwenyezi Mungu amsaidie.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulipokosea, tufunze tusiyoyajua, uwape afya wagonjwa wetu, na utujaalie tukurejeshee amana zako kama ulivyotupa. Amin.

Wabillahi tawfiq.